Zenyatta Alistaafu, Wapenzi Wake Hawakumwacha

Jioni moja, baada ya kazi, maafisa kadhaa tulikuwa tumeketi bwaloni tukitazama televisheni. Ikatokea picha ya farasi jike mkubwa, rangi yake kahawia iliyokolea hata kukaribia weusi, akitembea taratibu katika malisho ya Kentucky, nchini Marekani. Mtangazaji akaeleza kwamba farasi huyo, aitwaye Zenyatta, aliacha mashindano mwaka 2010, lakini mpaka leo wako watu wanaosafiri siku nzima ili wamwone kwa dakika chache tu, na wengine hutokwa na machozi wanapomgusa pua. Kapteni mmoja aliyeketi karibu nami akasema, “Hawa wamekosa la kufanya!” Tukaangua kicheko sote. Nami nilicheka, tena si kidogo.

Baadaye nilijuta kucheka, na makala haya nimeyaandika ili kueleza sababu. Naomba ndugu zangu askari wa jeshi na wa polisi wanivumilie, maana najua wengi mtauliza farasi wa Marekani anatuhusu nini sisi ambao hata farasi wa kukokota mkokoteni hatunaye. Tuanze na historia yake. Si haki kumhukumu mtu, wala mnyama, kabla ya kusoma faili lake.

Zenyatta alizaliwa tarehe 1 Aprili 2004 huko Kentucky, jimbo lenye sifa kubwa ya ufugaji wa farasi wa mbio. Baba yake aliitwa Street Cry, farasi wa Sheikh Mohammed wa Dubai, ambaye alishinda Kombe la Dunia la Dubai mwaka 2002. Septemba 2005, akiwa bado kinda, alipelekwa kwenye mnada wa Keeneland akauzwa kwa dola 60,000. Kwetu fedha hizo ni utajiri. Lakini katika mnada ule, ambako makinda ya ukoo mashuhuri hununuliwa kwa mamilioni, hiyo ilikuwa bei ya farasi asiyetazamiwa makuu. Walionunua walikuwa Jerry Moss na mkewe Ann. Moss, aliyefariki mwaka 2023, alikuwa mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya santuri ya A&M, na mojawapo ya bendi zilizorekodi katika kampuni hiyo ni ile ya Waingereza iliyojiita The Police, yaani Polisi. Jina la Zenyatta lilitolewa katika jina la santuri ya bendi hiyo ya mwaka 1980. Kwa hiyo ndugu zetu wa polisi wana haki ya kudai undugu kidogo na farasi huyu, ingawa ni undugu wa mbali.

Waliomnunua walimkabidhi kwa mwalimu wa farasi aitwaye John Shirreffs, mtu ambaye katika ujana wake alitumikia jeshi la wanamaji la Marekani katika vita vya Vietnam. Sina shaka kwamba jambo hilo lilichangia namna alivyomlea farasi huyu. Zenyatta alikuwa na umbo kubwa kupita kiasi. Kimo chake begani kilifika karibu sentimita 178, na uzito wake ulizidi nusu tani. Mnyama wa namna hiyo akiharakishwa huvunjika miguu. Farasi wengi wa Marekani huanza kushindana wakiwa na miaka miwili, lakini Shirreffs alisubiri. Mbio zake za kwanza zilikuwa tarehe 22 Novemba 2007 katika uwanja wa Hollywood Park, California, na umri wake ulikuwa umepita miaka mitatu na nusu. Alishinda. Kila mmoja wetu aliyewahi kufundisha kuruta atakumbuka yule kijana mrefu mwenye mikono na miguu isiyomtii, ambaye mwezi wa kwanza ni kichekesho cha kambi nzima, na mwaka wa pili ndiye anayebeba bendera.

Basi akaanza kushinda, na hakushinda kama wengine wanavyoshinda. Lango likifunguliwa, wenzake wote walitoka mbio, naye akabaki nyuma kabisa. Mpanda farasi wake kwa sehemu kubwa ya maisha yake uwanjani, Mike Smith, hakumsukuma. Wakazunguka uwanja hivyo hivyo, huku watazamaji wasiomjua wakidhani mambo yamekwisha. Wakifika kona ya mwisho, Zenyatta alianza kunyoosha hatua zake, akawapita mmoja baada ya mwingine, na aghalabu alimshika wa mwisho kukiwa kumebaki hatua chache tu kufikia mstari. Tena hakuwa na desturi ya kumwacha mshindani mbali. Alimpita kwa kiasi cha kutosha, basi, kisha akalegeza mwendo.

Katika chuo cha makadeti tulikuwa na mwalimu wa mbinu za vita ambaye alitukaririsha habari ya akiba hadi tukaiota usiku. Alisema kamanda asiye na akiba si kamanda tena. Amekuwa mtazamaji wa vita vyake mwenyewe. Tulimwelewa kwa kichwa, lakini mazoezini kila kadeti alitupa kikosi chake chote mbele katika dakika kumi za kwanza, kwa sababu kungoja kunatisha kuliko kushambulia. Nilipotazama picha za mbio za Zenyatta, mmoja baada ya mwingine, nilimkumbuka mwalimu yule. Ni mara chache mtu huona akiba ikitumiwa kwa utulivu wa namna ile.

Lililowavuta watu zaidi lilikuwa tabia yake kabla ya mbio. Alipotembezwa mbele ya watazamaji aliinua miguu ya mbele juu sana, akiinyoosha na kuikanyaga chini kwa mpango, shingo ameikunja, masikio yamesimama, kama askari wa gwaride anayejua kwamba jukwaani yuko mgeni wa heshima. Wengine walisema anacheza ngoma. Halafu kuna habari ya pombe. Shirreffs alikuwa na desturi ya kumpa Zenyatta bia nyeusi ya Guinness, naye akaipenda hasa. Naitaja kwa sababu ni kweli, na ninaomba isitumiwe na mtu yeyote kama utetezi mbele ya kamanda wake siku ya Jumatatu asubuhi.

Siku iliyomfanya ajulikane na dunia ni tarehe 7 Novemba 2009, katika uwanja wa Santa Anita, California. Mashindano yalikuwa yale makuu ya mwisho wa msimu, Breeders' Cup Classic, ya masafa ya kilomita mbili hivi, ambayo tangu yaanzishwe mwaka 1984 hayakuwahi kushindwa na farasi jike. Mwaka uliotangulia Zenyatta alikuwa ameshinda yale ya majike, na wengi walimshauri mwenye farasi amwache huko huko. Hakuwasikiliza. Watu zaidi ya 50,000 walifurika uwanjani. Hata kabla ya kuanza ilitokea fujo langoni: farasi mmoja, Quality Road, alikataa katakata kuingia, akarusha mateke mpaka akaondolewa mashindanoni. Wenzake wakacheleweshwa. Zenyatta akangoja.

Lango likafunguliwa, naye akabaki nyuma ya madume wote. Aliyetangaza mbio siku ile alikuwa Trevor Denman, mzaliwa wa Afrika Kusini, mwenye sauti ya utulivu ambayo Wamarekani waliizoea kwa miaka mingi. Hata yeye, Zenyatta alipochomoka katikati ya kundi na kuelekea nje ili apate njia, sauti yake ilianza kupanda. Hatua za mwisho akampita Gio Ponti, akashinda kwa urefu wa farasi mmoja. Watu wazima walikumbatiana na wasiowajua. Ilikuwa mara ya kwanza kwa farasi jike kushinda mashindano hayo.

Mwaka uliofuata alikuwa na ushindi 19 katika mbio 19. Tarehe 6 Novemba 2010 akarudi kutetea ubingwa, safari hii katika uwanja wa Churchill Downs, Kentucky, mbele ya watu zaidi ya 70,000, jua limekwisha kuzama na taa zimewashwa. Alianza vibaya. Mchanga ukamrukia usoni, naye akaachwa mbali sana kuliko ilivyokuwa kawaida yake. Alipoanza kuja, alikuja kweli kweli. Lakini mbele yake kulikuwa na dume hodari, Blame, ambaye hakukubali kupitwa. Walifika mstarini wakiwa wamelingana karibu kabisa. Blame alishinda kwa urefu wa kichwa.

Hiyo ilikuwa mara yake ya 20 na ya mwisho. Mike Smith alilia mbele ya waandishi wa habari, akasema kosa ni lake, si la farasi. Nalisema hili kwa maafisa wenzangu hasa. Tumekwisha kusoma taarifa nyingi za operesheni zilizokwenda vibaya, na katika nyingi za hizo mwenye makosa ni mvua, au redio, au koplo. Mtu huyu alikuwa na visingizio tayari mkononi: mchanga, taa, uwanja mgeni. Hakukitumia hata kimoja.

Kisha likatokea jambo la ajabu. Mwaka 2009, ambao Zenyatta hakushindwa hata mara moja, tuzo ya Farasi Bora wa Mwaka ilikwenda kwa jike mwingine hodari, Rachel Alexandra. Mwaka 2010, mwaka aliposhindwa, tuzo hiyo ikaja kwake. Wako waliolalamika, na hoja zao hazikuwa za kipuuzi. Walisema alikimbia sana California, kwenye viwanja visivyo vya udongo wa kawaida, na mara nyingi dhidi ya majike wenzake. Ni kweli. Hata hivyo, sidhani kama kuna mpenzi wa Zenyatta ambaye mapenzi yake yalipungua kwa sababu ya kile kichwa kimoja. Naamini yaliongezeka. Kabla ya siku ile walikuwa na bingwa. Baada yake walikuwa na mtu wao.

Wapenzi hao ni akina nani? Baadhi ni wacheza kamari, sawa. Mimi si mshabiki wa kamari, na ninajua mshahara wa askari unavyoweza kuyeyuka kwa tarakimu zilizoandikwa kwenye karatasi. Lakini wengi wa wapenzi wa Zenyatta hawakuwa watu wa kamari kabisa. Walikuwa akina mama wa nyumbani, wastaafu, wagonjwa, watoto wa shule. Shirreffs aliwafungulia mlango. Makocha wengi wa farasi wa thamani huwafukuza wageni kama tunavyowafukuza sisi kwenye ghala la silaha, lakini katika banda lake pale Hollywood Park watu walikaribishwa wamguse farasi na kupiga naye picha, naye akakubali kuguswa. Jambo hili dogo ndilo lililozaa yote yaliyofuata. Mtu akishamgusa bingwa, huyo bingwa si wa magazeti tena.

Alipoagwa California na kusafirishwa kwa ndege kwenda Kentucky mwezi Desemba 2010, alitembezwa pale Keeneland, mahali pale pale alipouzwa akiwa kinda, ili watu wa huko wamkaribishe. Ulikuwa usiku wa baridi kali. Watu walisimama wakitetemeka ili wamwone akitembea tu. Hapakuwa na mbio, wala dau, wala zawadi. Makao yake yakawa shamba la Lane's End, na barua na zawadi zikaanza kumfuata huko. Mwaka 2012 sanamu yake ilisimamishwa Santa Anita, na mashindano fulani ya majike yakapewa jina lake. Mwaka 2016 akaingizwa katika jumba la mashujaa wa mbio za farasi, huko Saratoga Springs. Uwanja wa Hollywood Park ulifungwa mwishoni mwa mwaka 2013 ukabomolewa, na eneo lile limejengwa uwanja mkubwa wa mpira wa Kimarekani. Kwa hiyo yule anayetaka kumkumbuka kwa kwenda mahali alipoanzia, hakuna cha kuona. Alipotimiza miaka 20, Aprili 2024, alikuwa bado yupo Lane's End, na wapenzi wake walikuwa bado wapo.

Hapa ndipo kapteni wangu atakaposema: vema, lakini ni mnyama. Huko huko Marekani kuna watu wanaolala chini ya madaraja. Hayo machozi yapelekwe kwao. Hoja hiyo ina uzito na sitaki kuikwepa. Ila nimechunguza maishani mwangu, na sijamwona mtu ambaye, kwa kuwa hakumlilia farasi, alikwenda kumlisha maskini. Moyo haufanyi kazi kama ghala la mahindi, kwamba ukitoa gunia moja kwa huyu umempunguzia yule. Tena sisi wa Uganda ndio wa mwisho tunaostahili kucheka. Mfugaji wa Ankole anamjua kila ng'ombe wake kwa jina, anatunga sifa zake na kuzitamka mbele ya wageni. Anasifu pembe, rangi, mwendo, hata njia aliyopita wakati wa ukame. Babu zetu wangewaelewa watu wa Zenyatta bila mkalimani. Jirani zetu wa Kenya wana uwanja wa mbio za farasi pale Ngong, Nairobi, na aliyewahi kufika huko siku ya mashindano anajua kwamba mayowe ya watu kwa farasi hayana taifa.

Lakini ninayo sababu nyingine, kubwa zaidi, ya kuwatetea watu hao, nayo ni habari ya farasi aliyeitwa Ferdinand.

Ferdinand alishinda Kentucky Derby mwaka 1986, mashindano ambayo Wamarekani huyathamini kuliko yote. Mwaka 1987 alishinda Breeders' Cup Classic, yale yale ya Zenyatta, akateuliwa Farasi Bora wa Mwaka. Alipostaafu aliwekwa kuwa dume la mbegu, lakini watoto wake hawakung'ara. Akauzwa Japani mwaka 1994. Huko nako hakuleta faida iliyotarajiwa, akapita mkono hadi mkono, na mwaka 2002 akapelekwa machinjioni. Hapakuwa na sherehe wala taarifa. Dunia ilijua mwaka uliofuata tu, baada ya mwandishi mmoja kuulizia yuko wapi. Huyo alikuwa bingwa wa taifa zima, mwenye vikombe viwili ambavyo farasi wengi hawaoti hata kimoja. Alichinjwa kwa sababu siku alipochinjwa hapakuwa na mtu hata mmoja aliyesimama nje ya ua akiuliza, “Ferdinand hajambo?”

Habari ile iliwachoma Wamarekani wengi. Katika mwaka huo huo wa 2003 mwandishi wa habari mstaafu, Michael Blowen, alianzisha huko Kentucky shamba liitwalo Old Friends, yaani Marafiki wa Zamani, la kutunza farasi waliokwisha kazi, na watu wa kawaida hulitembelea na kulichangia.

Sasa mtazame Zenyatta kwa jicho hilo. Kama Ferdinand, naye watoto wake hawakutimiza matumaini. Wa kwanza, Cozmic One, aliyezaliwa 2012, na wa pili, Ziconic, wa 2013, hawakushinda mbio hata moja. Binti aliyezaliwa 2014 alikufa mwaka huo huo kwa ajali malishoni. Mtoto wa 2016 hakuishi siku nyingi. Mfanyabiashara akilitazama daftari hilo atatikisa kichwa. Wapenzi wake walilia kila alipofiwa, kisha wakaendelea kuja. Cozmic One mwenyewe, aliposhindwa mbio, alifundishwa upya kazi ya kuruka vizingiti, na wako waliofuata habari zake huko kwa furaha ile ile. Sisemi kwamba bila watu hao Zenyatta angepatwa na yaliyompata Ferdinand. Wenye mali yake walikuwa watu wema na matajiri. Nasema kwamba farasi ambaye barua zake hujaza kikapu hawezi kupotea kimya kimya. Wapenzi wake ni walinzi wasio na bunduki, na zamu yao haiishi.

Jeshi la wanamaji la Marekani linalielewa jambo hili, maana nalo liliwahi kuwa na farasi wake. Oktoba 1952, wakati wa vita vya Korea, luteni mmoja aitwaye Eric Pedersen alimnunua farasi jike mdogo katika uwanja wa mbio wa Seoul kwa dola 250, ili abebe risasi za mizinga ya begani. Wakamwita Reckless. Machi 1953, katika mapigano makali ya kilima walichokiita Vegas, farasi yule alipanda na kushuka mara 51 kwa siku moja chini ya mizinga ya adui, mara nyingi bila mtu wa kumwongoza, akipeleka risasi juu na kurudi na majeruhi. Alijeruhiwa mara mbili. Baada ya vita hawakumwacha. Walimpandisha cheo hadi sajini, wakampeleka kwao California, na baadaye wakampa cheo cha sajini wa ngazi ya juu, kwa gwaride kamili. Alistaafu 1960 na kuishi katika kambi ya Pendleton mpaka alipokufa mwaka 1968. Naye pia, kwa taarifa yenu, alipenda bia. Waliomtunza hawakuwa watoto wala wanawake wenye huruma nyingi. Walikuwa askari wa miguu waliotoka vitani.

Nimesema kwamba nilijuta kucheka. Miezi michache kabla ya jioni ile ya bwaloni nilikuwa katika kambi moja, ambayo sitaitaja, nikiwapokea waandishi wa habari. Nilipotoka kwenda kuwalaki, langoni palikuwa na mzee amesimama juani, amevaa koti lililochakaa lakini limepigwa pasi, mkononi ana bahasha kubwa. Nilipita. Niliporudi na wageni wangu alikuwa bado amesimama. Aliniona, akasimama wima, akapiga saluti. Nilimrudishia bila kumtazama usoni, maana nilikuwa nikimweleza mwandishi mmoja habari za uhusiano mwema kati ya jeshi na raia.

Mchana nilipotoka mara ya tatu nilimsikia akizungumza na askari wa zamu, akimwomba kwa upole maji ya kunywa. Sauti ile nilisimama nayo. Ilikuwa sauti iliyoniamsha saa kumi za usiku kwa miezi mingi chuoni, iliyonifundisha kugeuka nyuma bila kuanguka, iliyowahi kuniita majina ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapisha. Alikuwa sajini wetu wa gwaride. Alifika tangu saa mbili asubuhi kutafuta muhuri wa karatasi zake za pensheni. Askari wa zamu, kijana mtiifu asiye na kosa lolote, alikuwa amefuata amri: asiye na mwenyeji haingii. Na mzee yule hakuwa na mwenyeji katika kambi yenye maafisa wanane, kwa hesabu yangu, waliojifunza kutembea mikononi mwake. Mimi ni mmoja wao, na nilimpita mara mbili.

Kwa hiyo ninayo maombi machache, na hayahitaji bajeti. Kwanza, kila kambi na kila kituo cha polisi kiwe na daftari la waliotumikia hapo wakastaafu, na daftari hilo likae langoni, si katika kabati la ofisi ya utawala. Jina la mzee likiwemo, daftari ndilo mwenyeji wake. Pili, liwekwe benchi penye kivuli. Tatu, kuruta wanaofundishwa historia ya kikosi waambiwe pia nani aliwafundisha wale wanaowafundisha. Tumezoea kuwakumbuka wenzetu siku ya mazishi, ambapo bunduki hupigwa na hotuba husomwa, nami kwa kazi yangu nimeziandika nyingi za hotuba hizo. Zenyatta hakungojwa afe ndipo apelekewe barua. Hata mbwa wa polisi aliyenusa bangi na nyayo za wezi kwa miaka minane, siku anapoondolewa kazini, naomba mwelekezi wake aulizwe kwanza kama angependa kuishi naye.

Wapo watakaosema mambo haya ni ya hisia, na jeshi haliendeshwi kwa hisia. Nimesikia. Lakini askari aliye kwenye lindo leo anatazama. Anaona anavyopokelewa yule aliyelinda kabla yake, na anajipigia hesabu zake mwenyewe kimya kimya.

Mzee wangu alipata muhuri kabla ya saa kumi, baada ya mimi kwenda naye ofisi tatu. Nikamsindikiza kituoni kupanda basi la Masindi. Njiani nilijaribu kumwomba radhi kwa yale ya asubuhi, akanikatisha kwa mkono. Hakunilaumu kwa neno lolote. Alipokwisha kuketi alichungulia dirishani akanitazama kutoka kofia mpaka chini, kama zamani, akasema, “Afande, kiatu cha kushoto.” Nikainama kutazama. Kamba ilikuwa imelegea.